Kabla ya Kupiga Dawa, Piga Picha

 

Leo tuzungumze juu ya ua. Siyo ua la kupamba meza. Nasema ua la kunde, la mbaazi, la alizeti, la boga na la mpapai. Kila ganda la kunde unalotarajia kuchuma, kila punje ya alizeti utakayopeleka mashineni kukamuliwa, ilianza kuwa ua, na pale kwenye ua palikuwa na wageni. Wengine walikuja kufanya kazi. Wengine walikuja kula. Wengine walikuja kuwala wale waliokuja kula. Shida yetu ni kwamba wote tunawaita jina moja tu, wadudu, na tukifika dukani tunaomba kitu kimoja tu, dawa ya wadudu.

Chukua shamba la kunde kule Sindeni au Kwamsisi. Kunde zimestawi hata wapita njia wanasimama kuzitazama. Zimetoa vitumba vya maua. Baada ya siku chache vitumba vinageuka rangi ya kahawia na kudondoka. Jirani wa kwanza anasema ni jua. Wa pili anasema ni mvua iliyokatika mapema. Mwenye shamba anaingia mwenyewe saa nne asubuhi, anakuta nyuki, nyigu, vipepeo na mbawakavu wamejaa juu ya maua, anasema, "Kumbe ni hawa!" Anapanda bodaboda mpaka Mkata, ananunua chupa ya dawa, na saa tano jua likiwaka anapiga shamba zima. Jioni anaona wadudu wamelala chini, anafurahi. Wiki inayofuata vitumba vinadondoka kama kawaida.

Sasa hesabu naye. Pesa ya dawa imekwenda, nauli imekwenda, nyuki wamekufa, na kunde hazikushika maganda. Huyu bwana hakuwa mvivu hata kidogo. Alipigana na yule aliyemwona, na aliyekuwa anammaliza hakumwona kabisa.

Mdudu anayeangusha vitumba vya kunde namna hiyo mara nyingi ni mdogo sana. Urefu wake ni kama milimita moja au zaidi kidogo, mwembamba kama kipande cha uzi mweusi, na watoto wake ni wa rangi ya manjano. Wataalamu humwita thripsi. Hakai juu ya ua ukamwona. Anaingia ndani ya kitumba kabla hakijafunguka, anakwangua na kunyonya humo humo, na kitumba kinakufa. Dawa iliyomwagwa juu haimfikii vizuri aliyejificha ndani, na ukingoja mpaka maua yamefunguka yote, sehemu kubwa ya hasara umekwisha kuipata. Kwa hiyo anatakiwa kutafutwa mapema, pale vitumba vinapoanza tu kutokeza.

Lakini utamtafutaje kitu cha milimita moja? Macho yetu, hasa ya sisi tuliokwisha kula chumvi nyingi, hayafiki huko. Ndipo napotaka kukuelekeza kwenye chombo ambacho pengine unacho mfukoni, au anacho mwanao, nacho ni simu yenye kamera. Najua wengi wenu mna simu ya tochi, nayo haifai kwa kazi hii. Katika kikundi cha watu kumi, hata hivyo, hakosekani mmoja mwenye simu ya kupangusa, na moja inatosha.

Faida ya picha ya karibu sana ni hii. Mdudu hutembea, huruka, hujificha, lakini picha haikimbii. Unaipiga shambani, unakwenda kukaa chini ya mwembe, unaikuza kwenye kioo cha simu mpaka mdudu wa punje ya mtama anakuwa mkubwa kama kuku. Unahesabu miguu yake, unaona mdomo wake, unaona anakula nini. Tena picha inaweza kwenda ofisini kwa bwana shamba bila wewe kusafiri. Na iko faida nyingine ambayo naipenda zaidi. Mdudu mmoja, Mzigua ana jina lake, Msambaa ana lake, Mbondei ana lake, na mtu wa kuja aliyepanga Segera ana lake pia. Mnaweza kubishana nusu saa kumbe mnasema mdudu yule yule, au mkakubaliana kwa jina moja kumbe kila mtu ana wake kichwani. Picha humaliza ubishi huo.

Haya, tuone inavyopigwa.

Kamera ya simu peke yake inasogea karibu kiasi fulani tu, baada ya hapo picha inaingia ukungu. Kwa mbawakavu na nyuki inatosha. Kwa wadogo zaidi unahitaji lenzi. Kuna vilenzi vya kubana kwenye simu, waulize wauza vifaa vya simu mjini. Ukiwa na kioo cha kukuzia, kile cha mkononi, kiweke mbele ya jicho la kamera, nacho kitasaidia. Ukikosa vyote viwili, mwombe fundi redio akutolee kijilenzi kilichomo ndani ya deki mbovu ya CD. Ni kidogo kama punje ya kunde. Kinashikizwa juu ya jicho la kamera kwa selotepu isiyoziba katikati. Simu nyingine zina macho matatu au manne mgongoni, basi ziba moja moja kwa kidole mpaka ujue ni lipi linaloona.

Ukishafunga lenzi, ujue kwamba simu itaona vizuri kwa umbali mmoja tu, labda sentimita mbili au tatu. Ukisogea zaidi ukungu, ukirudi nyuma ukungu. Usihangaike kugusagusa kioo ili ilenge. Wewe sogeza simu yote taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano, na kila inapokaribia kukaa sawa unapiga. Piga ishirini. Kumi na saba zitakuwa mbovu, usijali, zifute. Usivute picha kwa vidole viwili kabla ya kupiga, maana unaipunguzia uwezo. Sogea mwenyewe, kisha ikuze baada ya kuipiga.

Adui mkubwa wa picha hizi ni upepo, nao Handeni haukosekani. Shika bua la ua kwa mkono wa kushoto, bana viwiko kwenye mbavu, piga goti. Kama bua ni jepesi sana lifunge kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini. Jambo la pili ni kivuli chako. Ukimfunika mdudu kwa kivuli anajua umekuja, anaondoka. Jongea polepole kutoka chini ya usawa wa ua, jua likiwa ubavuni. Usiwashe taa ya kamera kwa mbawakavu mwenye mgongo unaong'aa, utapata doa jeupe tu. Afadhali mtoto akushikie karatasi nyeupe upande wa pili, mwanga wa jua ugonge pale urudi kwa mdudu.

Na saa? Asubuhi mapema, umande haujakauka. Wakati huo miili ya wadudu bado ina baridi na hawana mbio. Utawakuta wengine wamelala wameng'ata ukingo wa jani au bua, nao ni nyuki dume wa aina zile zisizokaa kwenye mzinga, ambao hulala hivyo nje. Tena ua la kunde hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na la boga halikadhalika. Mtu anayekwenda kukagua maua saa tisa alasiri anakagua milango iliyofungwa.

Kwa thripsi kuna ufundi wake. Chuma vitumba na maua kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, siyo pembeni tu. Yakung'ute kwa kuyagonga juu ya karatasi nyeupe, kisha pasua vitumba viwili vitatu kwa kucha. Ukiona vijiuzi vyeusi vinatembea, piga picha hapo hapo juu ya karatasi. Weka punje ya mtama au njiti ya kiberiti kando yao. Hiyo ni lazima kwa kila picha utakayopiga, kwa sababu picha haina ukubwa. Mdudu wa milimita moja na wa sentimita tatu vyote hujaza kioo sawasawa, na bwana shamba hawezi kukisia.

Katika maua hayo hayo ya kunde na mbaazi utakuta maadui wengine wawili. Mmoja ni funza mweupe mweupe mwenye madoa meusi yaliyopangwa mgongoni, anayegandisha maua pamoja kwa nyuzi laini kama za buibui na kula ndani yake. Ukiona maua yameshikana, usiyapite, yafungue. Mwingine ni mbawakavu mkubwa mweusi mwenye mikanda ya manjano au myekundu mgongoni, anayetafuna maua mchana kweupe bila hofu. Huyo mpige picha lakini usimshike kwa mikono mitupu. Mwilini ana maji yanayobabua ngozi ikatoka malengelenge. Kama ni wachache, waangushe kwa kijiti kwenye kopo la maji ya sabuni, hapo umeokoa bei ya dawa.

Sasa tuje kwa marafiki, na hapa ndipo picha inapofichua mambo.

Yuko mdudu anayesimama hewani mbele ya ua bila kusogea, mwenye mistari ya manjano na nyeusi tumboni. Kila mtu humwita nyuki au nyigu. Mkuze kwenye picha. Nyuki ana mabawa manne, mawili kila upande. Huyu ana mawili tu, macho makubwa yanayokutana karibu kichwa kizima, na vipapasio vifupi. Ni nzi! Amejivika nguo ya nyuki ili ndege wamwogope, lakini hana mwiba. Yeye mwenyewe hula chavua na maji matamu ya ua. Watoto wa jamaa zake wengi ni funza wadogo wasio na miguu wanaotambaa kwenye majani na kunyonya vidukari, wale wadudu wa mafuta wanaoganda kwenye ncha za kunde. Ukimuua huyo nzi, umemuua mlinzi.

Kadhalika yule mdudu wa duara, mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, wengi wanamjua kuwa hula vidukari. Mtoto wake hawamjui. Mtoto ni mrefu, mweusi, mwenye miiba na madoa ya rangi ya chungwa, anafanana na mamba mdogo. Kila anayemwona anamponda, nami simlaumu, sura yake haivutii. Mpige picha kwa karibu akiwa kwenye kundi la vidukari, utamkuta ana mmoja mdomoni. Na kwa ninyi mliopanda mikorosho, wale sisimizi wekundu tunaowaita maji moto, wanaokuuma unapopanda mti, hushambulia mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaonyonya vikonyo na machipukizi. Minazi nayo hulindwa nao. Ukimpiga picha maji moto juu ya ua la korosho, usidhani umemkamata mwizi.

Nisiwe mwongo. Kunde zenyewe hazimtegemei sana nyuki, zina uwezo wa kujichavusha. Chavua ni ule unga wa ua dume unaotakiwa kufika kwenye ua jike ili mbegu ipatikane. Ua la kunde hujimalizia jambo hilo ndani kwa ndani. Lakini nyuki huyo huyo unayemuua kwenye kunde leo, kesho ndiye aliyetakiwa kwenye maboga yako. Ua la boga ni la namna mbili. Dume ana bua refu jembamba. Jike ana kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Chavua ya boga ni nzito na ya kunata, upepo haiwezi, mpaka mdudu aibebe. Asipokuja asubuhi ile, ua linajifunga, kiboga kinageuka manjano na kuanguka, nawe unasema mbegu mbaya. Matikiti maji ni vivyo hivyo.

Alizeti nayo inafaa kuitazama kwa lenzi. Kile tunachokiita ua moja la alizeti ni maua mengi sana madogo yaliyobanana, na kila moja ni punje moja. Yanafunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kuja katikati, kwa siku kadhaa. Picha itakuonyesha duara la siku hiyo likiwa na unga wa manjano na nyuki amezama humo mpaka tumboni. Nyuki wakikosekana siku mbili tatu hizo, duara hilo huweza kutoa mapepe mengi. Ukikamua, mafuta hakuna.

Nyanya na bilinganya zina hadithi yake. Chavua yao imefungiwa ndani ya vijimrija vyenye tundu dogo nchani, kama chumvi kwenye kichupa. Upepo ukitikisa ua hutoka kiasi, lakini anayeitoa vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma, anayetoboa nguzo na makombamoyo ya nyumba zetu. Analikumbatia ua, anatetemesha mwili wake kwa nguvu, unga unamwagika. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Akikutoboa nguzo unakasirika, najua, lakini mwekee gogo bovu nyuma ya nyumba ahamie huko.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuwaonyesha wakulima wa Afrika Mashariki mambo haya ni Dk. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, ambaye ni mpiga picha za wadudu pia. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Whitley huko Uingereza kwa kazi hiyo ya wakulima na wadudu wanaochavusha, na mwaka 2014 kilitoka kitabu chake cha mwongozo juu ya wachavushaji wa Afrika Mashariki, kimejaa picha. Mwaka huo wa 2009 yeye na mwenzake walichapisha utafiti juu ya mipapai huko Kenya, nao unatuhusu sana sisi wa Korogwe. Mpapai jike ndio unaozaa, mpapai dume unatoa maua tu, na wakulima wengi huukata dume wakisema unakula mbolea bure. Utafiti ule uligundua kuwa wanaochavusha mipapai ni nondo wakubwa, wenye mbio, wenye mkonga mrefu, ambao huja giza linapoingia kwa muda mfupi tu. Ukitazama mchana hutawaona kabisa. Kwa hiyo acha madume machache shambani, na acha kichaka fulani kando, kwa kuwa viwavi wa nondo hao wanahitaji majani ya porini. Ukitaka kuwapiga picha, simama kwenye mpapai wakati wa magharibi, mwenzako ashike tochi kwa ubavuni, na uwe mvumilivu.

Tumefika kwenye dawa. Mimi sisemi usipige dawa kamwe. Kuna siku picha itakuonyesha thripsi wengi kwenye kila kitumba, na bwana shamba atasema piga. Basi piga, lakini jioni, nyuki wamekwisha kurudi mzingani, na ua la kunde limekwisha kujifunga. Kusubiri huko mpaka jioni kunaokoa nyuki wengi. Alizeti haijifungi, kwa hiyo ikiwa katika maua ogopa zaidi. Nunua dawa yenye kibandiko cha Kiswahili kinachosomeka na namba ya usajili, iwe imeandikwa zao lako na mdudu wako. Mwenye dhamana ya kusajili viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiiguse, hata kama anayeuza ni shemeji yako. Na baada ya kupiga, usiingie shambani kupiga picha mpaka muda ulioandikwa upite.

Lipo jambo la jirani. Nyuki huruka kilomita mbili, tatu au zaidi kutafuta chakula. Mzinga ulioko msituni kijiji cha pili unaweza kuwa unakula kwenye shamba lako. Handeni ina wafugaji wengi wa nyuki, wa mizinga ya magogo na wa mizinga ya masanduku, na wapo wanaofuga nyuki wadogo wasiouma. Mfugaji akiamka akakuta nyuki wamelala lundo mbele ya mlango wa mzinga, asali ya msimu imekwenda, na ada ya shule aliyoitegemea imekwenda. Yeye hatajua ni nani, lakini ataanza kukisia, na kukisia huko kumevunja ujirani mwingi. Mwambie mapema, "Ndugu yangu, keshokutwa jioni nitapiga kunde." Ataziba au atahamisha, ni juu yake. Neno hilo halina gharama.

Unapopeleka picha kwa bwana shamba au bibi shamba, usipeleke moja. Peleka ya shamba kwa mbali, ya mmea mzima, ya ua lililoharibika, kisha ya mdudu kwa juu, kwa ubavu, na kwa uso ukiweza. Andika tarehe, kijiji, zao, na umri wa zao. Kwenye WhatsApp, picha iliyotumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa, na vipapasio vyote vinapotea. Itume kama faili, ingawa itakula bando zaidi.

Kuna programu za simu zinazodai kutambua kila mdudu. Nyingi zilifundishwa kwa picha za nchi za mbali, na huweza kukupa jina la mdudu asiyepata kukanyaga Tanga. Ninayoweza kukutajia ni Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na IITA. Inazungumza Kiswahili, na ukishaiweka kwenye simu hufanya kazi hata pasipo mtandao. Hiyo hutazama majani, siyo maua. Inakagua batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo, na viwavijeshi vamizi wa mahindi, ambao walithibitishwa kuingia nchini mwetu mwaka 2017. Kiwavi huyo nawe unaweza kumtambua kwa picha yako: usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne makubwa yaliyopangwa kama pembe za mraba. Hata hivyo, programu ikisema hivi na bwana shamba akasema vile, mimi namsikiliza bwana shamba, kwa sababu yeye ameona shamba lako.

Ninyi wafugaji wa nyuki, msiseme mazungumzo haya ni ya wenye kunde tu. Kaeni ubavuni mwa mzinga, siyo mbele ya mlango, wasije wakawatoa mbio, mkapige picha za nyuki wanaorudi. Miguuni nyuma wamebeba vidonge vya chavua. Siku moja ni vya manjano, siku nyingine vya chungwa, vya kijivu au vya rangi ya maziwa. Kisha nendeni mashambani na porini mkapige picha za maua yaliyofunguka siku hiyo, mlinganishe rangi. Baada ya masika moja na vuli moja mtakuwa na picha zenye tarehe zinazoonyesha nyuki wenu wanakula nini mwezi gani, na ni shamba la nani wanaloingia. Zipelekeni picha hizo kwa mwenye shamba, mkae naye kabla hajaweka mbegu ardhini, mpatane siku za dawa.

Kwa leo tukomee hapo. Kunde za vuli zikianza kutoa vitumba, anzeni na zile kumi za kukung'uta kwenye karatasi. Kwaherini.